Wanahesabuje watu ambao hawakufa?

Ndugu yangu wa Mwanga, Kigoma, umeuliza wanahesabuje mtu aliyeokolewa na chanjo ya korona wakati hana hata kaburi. Hawamhesabu mmoja mmoja. Wanatengeneza modeli, yaani mfano wa kihesabu wa jinsi ugonjwa unavyoenea na kuua, inayofuata vifo vilivyotokea kweli, kisha wanaiendesha tena bila chanjo; tofauti ndiyo makadirio. Watafiti wa Imperial College London, kwa nchi 185 na mwaka wa kwanza wa chanjo, walipata watu milioni 14.4 waliookolewa wakitumia vifo vilivyoripotiwa, na milioni 19.8 wakitumia vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida. Pengo hilo lisikutishe: wengi huzikwa bila kuandikwa popote. Shemeji yako mbishi, kama anabishia hesabu hizi, mwulize hivi: bila chanjo, watu wangejifungia ndani, au wangeendelea kubanana mwaloni kugombea dagaa? Jibu hilo hubadilisha hesabu nzima.