Kompyuta iliyonirudishia uniti 40

Juzi usiku nimenunua LUKU ya shilingi 5,000, nikapata uniti 40 na ushee. Kodi ya jengo ilishakatwa mwanzoni mwa mwezi, kwa hiyo hela yote iliingia kwenye umeme. Nilimwonyesha mke wangu simu, tukashukuru Mungu, maana mwaka jana 5,000 hiyohiyo ilikuwa ikitupa uniti 14. Asubuhi nikakuta ujumbe wa binti mmoja wa Muheza: "Kaka, nataka kompyuta ya kukaa inawaka muda wote nyumbani, itunze kazi zangu, isinimalizie umeme wala isipige kelele. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, hapo ulipo nimepita, na nilianza vibaya.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, naishi Ngamiani, Tanga. Picha zilipozidi nikaunga kompyuta kubwa ya mezani, kipande kimoja kimoja: kasha la fundi, mazabodi (bodi kuu) ya zamani, pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) ya wati 500, diski mbili za kuzunguka, na kadi ya picha, ile ya michezo na video nzito, ambayo sikuwa na kazi nayo. Niliipenda ile mashine. Nikaiweka sebuleni kila mgeni aione. Ilikuwa na feni ya milimita 80 yenye mlio mwembamba usiokatika, ule unaousikia zaidi taa zikishazimwa. Mama mkwe alipokuja kumlea mke wangu baada ya uzazi, alilala sebuleni usiku mmoja. Usiku wa pili akahamisha godoro akaingia chumbani kwa binti yake. Hakusema neno. Nikahamia mimi sebuleni, na hapo ndipo nilipoisikia kompyuta yangu kwa mara ya kwanza.

Rafiki yangu fundi umeme akaniazima plagi ya kupimia. Kompyuta imekaa tu, haifanyi chochote, inakula wati 78. Zidisha kwa saa 24, gawa kwa 1,000, ni karibu uniti 1.9 kwa siku, 56 kwa mwezi. Nyumba yangu bila hiyo kompyuta ilikuwa inatumia kama 45. Jumla 101, wakati bei ya nafuu ya matumizi madogo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Tukatolewa kwenye shilingi 122 kwa uniti, tukapelekwa kwenye 356, kodi na tozo zikiwemo. Maana yake kompyuta haikula umeme wake peke yake. Ilipandisha bei ya friji, ya taa, ya feni ya mtoto. Mwezi mmoja nililipa karibu 36,000 nikiwa na kichanga ndani. Sijasahau.

Nikauza vipande vyote kwa hasara, nikaagiza Kariakoo kompyuta ndogo ya mtumba, Dell OptiPlex 7040 Micro yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i5-6500T. Ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu. Nililipa shilingi 280,000. Mashine za kizazi hicho zimeshuka bei kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi na Windows 10 iliishiwa huduma Oktoba 2025, basi maofisi ya Ulaya yanazitoa. Mimi nimeweka Debian, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kazi inakwenda. Plagi ileile ikasoma wati 11. Hiyo ni uniti 8 kwa mwezi; ukijumlisha 45 za nyumba ni 53, tukashuka chini ya 75 na bei ikarudi ile ya 122.

Wauzaji watakuonyesha herufi T mwishoni mwa jina la prosesa na kukwambia prosesa hiyo ni wati 35, ile isiyo na T ni 65. Ni kweli, lakini namba hizo ni za kazi nzito. Kompyuta ya nyumbani muda mwingi imepumzika, na zikipumzika prosesa hizo mbili hazipishani sana. Wanaokula ni wale walio pembeni: kadi ya picha, diski za kuzunguka, na pawasaplai kubwa mno. Vyeti vya kawaida vya 80 Plus, vinavyoonyesha pawasaplai inapoteza umeme kiasi gani, huanza kupima kwenye asilimia 20 ya mzigo; kwa pawasaplai ya wati 500 hiyo ni wati 100, nami sikuzifikia kompyuta ikiwa imetulia. Chini ya hapo sehemu kubwa zaidi ya umeme inapotea kama joto, na joto ndilo linaloita feni. Kelele na bili vilitoka sehemu moja. Kwa hiyo pima, usisome karatasi tu.

Sasa lile linaloniuma. Nilinunua SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya terabaiti 1 kwa bei iliyonifurahisha, kwenye duka ambalo sitalitaja. Kompyuta ikaisoma terabaiti 1 kamili. Nikahamishia harusi nne. Harusi ya kwanza ilifunguka vizuri, zilizofuata zikawa majina ya mafaili yasiyo na kitu ndani. Ndani mlikuwa na chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: ikijaa, inaendelea kupokea na kutupa. Picha za bibi harusi mmoja zilipotea zote, pamoja na za bibi yake aliyefariki mwezi uliofuata. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Walinikaribisha chai, na sikuweza kuinywa.

Ndugu zangu, tuache kununua kwa macho. Kabla ya kuamini diski yoyote ijaze yote kwa programu ya kupimia iitwayo F3, au H2testw ukitumia Windows, kisha iache isome tena kila ilichoandika. Inachukua masaa. Vumilia. SSD yangu ya sasa ililetwa na shemeji kutoka Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed, mtaa wa kompyuta kabisa, na bado niliipima. Adapta ya umeme nayo iwe ya asili; mashine hizi zisipoitambua hutoa onyo zikiwaka na kupunguza kasi. Pima diski, pima umeme, pima hata ukionekana msumbufu dukani. Na sisi wa pwani tufungue kasha mara kwa mara, tutoe vumbi, maana hewa ya chumvi haiachi feni salama.

Binti wa Muheza, usilipe kwanza. Mwambie muuzaji unaipeleka Tanga kukaguliwa, uje nayo Jumamosi. Plagi ya kupimia nilishanunua yangu, na mama mkwe yupo, atakupikia.