Kwa nini Jumamosi naenda kukanyaga matope

Mdogo wangu, swali lako la kwenye kikundi cha familia nimelisoma mara mbili: "Kaka, kweli umepanda ndege mpaka Uingereza ili ukatembee porini kwa miguu, halafu unywe bia isiyo baridi?" Shangazi naye kaiona picha yangu yenye matope, akaniambia kama mambo yamekuwa magumu niseme. Nawajibu bila kuficha.

Kodi ya chumba, umeme na nauli vikishatoka, kinachobaki ni cha kuhesabu. Lakini kilichonitesa hapa Sheffield miaka miwili ya mwanzo ni upweke. Nalea wazee, zamu za usiku. Narudi asubuhi wenzangu ndio wanatoka, na jirani wa mlango wa pili sikumjua hata jina. Wiki iliweza kuisha sijaongea na mtu nje ya kazi.

Mwenzangu kazini akanivuta Jumamosi moja. Tukapanda treni inayokwenda Manchester, nusu saa na ushee tukashuka Edale, kijiji kilicho bondeni chini ya Kinder Scout. Mlima huo ni mita 636 tu, Marangu yetu kule Kilimanjaro iko juu zaidi ya mara mbili, lakini msiudharau. Juu ni mboji nyeusi, ukungu unashuka ghafla, na mimi nilikwenda na raba. Nililowa mpaka magotini.

Njia zenyewe zinapita katikati ya mashamba ya watu, kwa haki ya kisheria. Kuta ni mawe yaliyopangwa bila saruji, na njia inapokutana na ukuta utakuta geti dogo au vidato vya mawe vya kuvukia. Unapita, unafunga geti kondoo wasitoke, unaendelea. Mlima wenyewe haukuwa wazi hivyo. Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani Manchester, waliupanda bila ruhusa wakati wenye ardhi wameufunga ili wawinde ndege. Watano walifungwa jela. Mwaka 1951 eneo hilo likawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza. Sisi tuliokua tukikatiza vihamba, mashamba ya migomba ya majirani, kwa kuamkia tu, naona tunawaelewa vijana wale kuliko wengi.

Tuliposhuka tukaingia Old Nags Head, pabu ya mawe palepale kijijini. Sasa hiyo bia, mdogo wangu. Imo kwenye pipa chini ya nyumba, hamira yake bado hai, inaendelea kuchacha humohumo. Haisukumwi kwa gesi. Mhudumu anaivuta kwa mpini wa pampu, taratibu, mara mbili tatu, anasubiri povu litulie, anamalizia. Inanyweka kwenye nyuzi 11 hadi 13, ukiipoza zaidi ladha inajificha. Pipa likishafunguliwa ni siku chache tu. Nilipoonja nikamkumbuka bibi na mbege yake, pombe yetu ya ndizi na ulezi: kimea chetu cha ulezi, chao cha shayiri, uchungu wetu wa msesewe, gome la mti, wao wanatia hopsi, maua machungu ya mmea. Zote mbili zinanywewa zikiwa hai.

Karibu na moto alikaa mzee mmoja na mbwa wake. Akamsogeza mbwa nipate nafasi, akaniuliza, "Umetoka wapi?" Mjini swali hilo nimeulizwa mara nyingi, nalijua linakoelekea. Nikamjibu Tanzania. Akatikisa kichwa kwa upole: alitaka kujua nimeshuka kwa njia ipi, maana ya bondeni ilikuwa imejaa maji. Tukaongea mpaka saa ya treni.

Siwadanganyi kwamba pombe haina madhara huku. Nimewaona wenzetu walioikimbilia kwa upweke wakapotelea humo. Mimi nanunua painti moja, yaani glasi ya zaidi kidogo ya nusu lita, pauni nne au tano, na asiyekunywa anaagiza chai na anakaa vilevile. Majira ya baridi giza linaingia saa kumi jioni, kwa hiyo tunatoka alfajiri au hatuendi kabisa.

Ukija, raba ziache nyumbani, nina buti za ziada. Na shangazi, usiwe na wasiwasi na ile picha. Ni ya Jumamosi iliyopita, na aliyeipiga ni yuleyule mzee mwenye mbwa.