Kisu Kidogo cha Kila Siku: Tazama Unene Kabla ya Kuuliza Chuma

Chukua kisu chenye mgongo wa milimita 5, kile kizito kinachovutia macho dukani, ukate nacho karoti nene. Ubapa ukifika katikati, karoti inapasuka kwa mlio. Makali hayana kosa, huenda hata yananyoa nywele za mkono. Kilichoipasua ni chuma kinachofuata nyuma ya makali, maana kinatanua kama kabari. Kisu hichohicho kitapondaponda kitunguu, na kwenye chungwa kitachimba nyama pamoja na ganda.

Ndiyo maana kwa kisu kidogo kisichokunjwa tunaanza na unene, kisha ndipo tuulize aina ya chuma. Kwa kazi za kila siku, yaani kufungua magunia, kukata kamba ya katani, kumenya matunda, kupasua samaki, mgongo wa milimita 2 hadi 2.5 unatosha kabisa. Ubapa uwe na urefu wa sentimita 8 hadi 10 na upana wa kama 2. Mfano mzuri ni Companion ya Morakniv kutoka Uswidi: ubapa wa sentimita 10 na kidogo, unene wa milimita 2.5, na bei yake si ya kutisha. Anayetaka chuma kinene cha kupasulia kuni anahitaji shoka au panga, si kisu.

Kisu cha mhunzi, kilichofuliwa kwa springi ya gari, kinaweza kuwa bora kuliko vingi vya dukani. Springi nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukipa chuma ugumu bila kukifanya kivunjike ovyo. Shida ni kwamba springi huwa nene, na fundi mwenye haraka hunoa ukingo tu, tumbo la kisu likabaki vilevile. Mwambie akisage kuanzia mgongoni hadi chini, pande zote mbili, mpaka nyuma tu ya makali ibaki nusu milimita au pungufu.

Msimamie pia wakati wa kusaga kwa mashine. Ukingo ukigeuka rangi ya bluu, hata kwa sekunde moja, mahali hapo pameshapoteza ugumu, na kuufuta ule ubluu kwa msasa hakurudishi kitu. Achovye kisu kwenye maji kila baada ya kupitisha mara moja au mbili. Na kama ndiyo kwanza amekizamisha kwenye mafuta kikiwa chekundu, bado kinahitaji moto mdogo wa nyuzi kama 200 kwa saa moja au mbili. Asipofanya hivyo, kikianguka sakafuni ncha inaruka.

Kuna jaribio la dakika moja. Laza ukingo juu ya ufito wa shaba, ukandamize kidogo huku ukiuvuta, uangalie kwenye mwanga. Makali yakipinda kidogo yakarudi, chukua. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, ni kigumu mno. Sumaku haisaidii hapa: vyuma vingi vya visu visivyoshika kutu navyo hunaswa.

Meno ya msumeno karibu na mpini usiyakubali. Hapo ndipo mkono una nguvu zaidi, na ndipo unapohitaji makali yaliyonyooka.

Mpini uwe na urefu wa sentimita 10 au 11, ujaze ngumi, na ukiukata katikati uonekane kama yai, si duara. Mpini wa duara huzunguka kiganjani ukilowa, na gizani hujui makali yameelekea wapi. Mbele, kwenye kidole cha shahada, pawe na kijinundu kidogo cha kuzuia mkono usitelezee kwenye makali. Utelezi wa samaki ndio hukata watu. Mkia, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, ufike angalau robo tatu ya urefu wake. Mpingo ni mti mzuri sana kwa kazi hii, ila uwe umekauka vizuri, la sivyo utapasuka kwenye ribiti.

Ala ni nusu ya kisu. Kigeuze juu chini ndani ya ala na ukitikise mara tatu: kisitoke, lakini kidole gumba kikisukuma kitoke mara moja. Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia, kwa sababu hushika unyevu na chumvi. Pwani, kisu cha chuma cha kaboni kikilala humo kinaamka na vidoa vya kutu. Kioshe, kikaushe, kipake mafuta ya nazi kidogo sana. Ya alizeti hugeuka ulimbo. Ule weusi unaoachwa na ndimu na maembe hauna madhara, ni kutu nyekundu ndiyo ya kusugua.

Msomaji uliye Uingereza, kisu kisichokunjwa, hata kiwe kifupi vipi, hakibebwi hadharani bila sababu halali.

Kunoa kunataka pembe isiyobadilika. Kwa ubapa wa sentimita 2, inua mgongo milimita 5 hadi 7 kutoka kwenye kinoo; hizo ni kama nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Noa upande mmoja mpaka, ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, usikie kijiukingo, yaani uzi mwembamba wa chuma uliojikunja, kinachokwaruza upande wa pili, urefu wote. Kisiposikika, hujafika, hata ukihesabu mara mia. Ndipo ugeuze. Malizia kwa mipigo mepesi ya kupokezana, kisha vuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Huna kinoo? Geuza kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyo na mng'ao inanoa vizuri. Kisha chukua nyanya iliyoiva, weka makali juu ya ganda, uvute bila kukandamiza. Yakiteleza, rudi kwenye kinoo.