Usifute jaribio la zamani kabla hujalifelisha

Wakuu, vijana wengi ninaokutana nao hapa Mwanza wakikabidhiwa programu ya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao, jambo la kwanza wanalotaka ni kufuta majaribio yote ya zamani (skripti zinazopima kama programu inafanya kazi sawasawa) waandike mapya kwa lugha ya Python. Nawaelewa. Skripti za Bash na Perl za watu walioshahama kazi hazisomeki, zinakesha zikiendeshwa, na nyingine leo zinafeli kesho zinapita bila mtu kugusa kitu. Zile za Python 2 ndiyo kabisa, ilishaacha kuhudumiwa tangu Januari 2020.

Ushauri wangu: usihamishe jaribio hata moja kabla hujalifelisha kwa makusudi. Ingia kwenye Git (inakotunzwa historia ya mabadiliko ya programu), tafuta marekebisho yaliyokuja pamoja na jaribio hilo, yaondoe kwenye tawi la pembeni (nakala isiyogusa kazi kuu), kisha liendeshe. Likifeli, umeshajua linalinda nini. Likipita, ama limekufa ama hujalielewa, na hayo mawili usiyachanganye.

Nitoe mfano wa lile linalochekwa kuliko yote. Kompyuta ya kwanza inaongeza maneno kwenye faili lililoko kwenye seva ya NFS (mfumo wa kompyuta kadhaa kutumia mafaili ya seva moja kupitia mtandao), skripti inalala sekunde 65, halafu kompyuta ya pili inaangalia ukubwa wa faili. Kila mgeni anauliza 65 ya nini, na mikono inamuwasha aiweke 5. Sasa, kwenye Linux kompyuta inayosoma hutunza kumbukumbu ya sifa za faili, kama ukubwa wake, kwa muda bila kuiuliza seva: kwa kawaida kuanzia sekunde 3, na kwa faili lisilobadilika muda huo hurefuka mpaka 60. Aliyeandika 65 alikuwa anajua anachofanya, ila hakuandika maelezo.

Mtego wenyewe uko kwenye kutafsiri. Skripti ya zamani ilitumia stat, amri inayouliza sifa za faili bila kulifungua. Ukiihamishia Python ukafungua faili na kulisoma, jaribio litapita daima, kwa sababu faili linapofunguliwa NFS huiuliza seva upya. Utakuwa na jaribio zuri la kisasa lisilopima kile kilichokusudiwa. Bakiza stat, punguza muda wa kumbukumbu kwa chaguo la actimeo wakati wa kuunganisha kompyuta na seva, na badala ya kulala, uliza kila nusu sekunde hadi jibu lije au muda wa mwisho uishe. Jaribio moja tu liache na mipangilio ya kawaida, liende polepole hivyo hivyo.

Kuna pia mambo ambayo majaribio ya kurithi hayagusi kabisa. Mengi yanaonekana kuandikwa na watu ambao umeme kwao haukatiki. Sisi tunahudumia wasindikaji wa minofu ya sangara huku Ilemela. Umeme ukikatika, seva isiyo na betri inazimika palepale kabla jenereta halijashika. Tangu toleo la 3 la NFS, lililochapishwa mwaka 1995, seva inaruhusiwa kusema imepokea data kabla haijafika kwenye diski, mradi baadaye ijibu ombi la COMMIT, yaani la kuhakikisha data imeshafika kwenye diski. Seva ikizimika katikati, ikiwaka tena alama yake inakuwa imebadilika, na kompyuta inayoandika inatakiwa kuligundua hilo na kutuma data upya. Hilo lipime. Weka seva kwenye mtambo pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), uue ghafla (usiuzime kistaarabu), uuwashe, kisha linganisha kila kilichopita fsync, amri ya kusubiri mpaka data ihifadhiwe kabisa. Na kwa toleo la 4 usishangae mafaili kugoma kufunguka kwa muda hadi sekunde 90 baada ya kuwaka: seva inawapa wenye kufuli za zamani nafasi ya kuzidai.

Kuhusu kasi sina mengi. Tenganisha majaribio ya dakika chache yaendeshwe kwa kila badiliko, yale ya kuua seva yaende usiku. Bosi akiuliza mbona bado mna skripti za Bash, mwonyeshe orodha ya yaliyofelishwa. Anaelewa haraka kuliko ukimweleza kwa mdomo.

La zamani na jipya yaendeshwe sambamba mpaka yote mawili yafeli kwa uharibifu uleule, ndipo la zamani lifutwe. Namba yake ihamie kwenye jina la jipya, maana taarifa za hitilafu za miaka ya nyuma zinataja hiyo namba, na fundi wa zamu akiitafuta saa nane za usiku aikute.