Nimeacha ugali, sasa kichwa kinauma

SWALI: Nina siku ya nne bila ugali, wali wala chapati. Nimepungua kilo 2, ila kichwa kinauma na nikisimama naona kizunguzungu. Niendelee?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, bado si mafuta. Ukipunguza wanga, insulini (homoni inayodhibiti sukari) hushuka, figo hutoa chumvi nyingi kwenye mkojo, na maji hufuata; ndipo kichwa huuma na kizunguzungu huja. Kunywa supu ya mifupa bakuli moja kwa siku, yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, isipokuwa kama una presha, figo au moyo.

Usiache wanga wote ghafla. Gramu 200 za unga wa sembe zina wanga kama gramu 150. Anza kwa kusonga gramu 60 tu, sahani ijae mchicha, kabichi na dagaa au mayai mawili. Soda na chai ya sukari acha kabisa.

Kama una kisukari na unatumia vidonge vya glibenklamaidi au sindano za insulini, usisubiri: kizunguzungu hicho chaweza kuwa sukari imeshuka mno. Pima sukari ya damu, na ikiwa chini ya 4 mmol/L kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha mwone daktari apunguze dozi.