Kuhusu ile nyumba, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama akiba yako inatosha kuanza na nyumba moja ya kupangisha familia, na kama sehemu iliyopungua ukope benki. Sikukatazi. Ila kabla hujamfuata tena dalali, shika kalamu.

Tuseme nyumba inauzwa 10,000 na inapangishwa 100 kwa mwezi, sarafu weka utakayo. Kwa mwaka ni 1,200, na hapo ndipo wengi hufunga daftari. Toa mwezi mmoja ambao itakaa tupu mpangaji akihama. Toa rangi, mabomba, bima, na kodi ya serikali (Kiswahili nacho kina utani: inayoingia ni kodi, inayotoka ni kodi). Wenye nyumba wengi waliozoea hukadiria kwamba nusu ya mapato itamezwa na hayo, kabla benki haijanyoosha mkono. Unabaki na 600, yaani asilimia 6 ya bei. Kama karibu bei yote umeikopa na riba ya mkopo ni asilimia 8, nyumba haitaubeba mkopo huo. Utaubeba wewe kwa mshahara wako. Basi ama bei ishuke, ama uongeze pesa yako mwenyewe, ama uachane nayo.

Mimi ya kwanza niliinunua kwa ajili ya baraza lake. Niliketi pale, upepo ukanipuliza, nikakubali bei. Paani sikupanda. Mpangaji alivumilia mvua za kwanza. Za pili akafungasha virago. Miezi minne nyumba ilikaa tupu, rejesho la benki likija kila mwisho wa mwezi na fundi akidai zake. Baba yako hakusema neno, na unamjua akinyamaza.

Hiyo ndiyo hatari ya nyumba ya familia moja. Mwenye vyumba sita akihamwa na mmoja, watano bado wanalipa. Wewe akihama mpangaji wako, mapato ni sifuri. Kwa hiyo usimalize akiba yote kwenye kununua. Bakiza ya kulipa rejesho la miezi sita, na ya paa. Faida yake nayo ipo: familia yenye watoto shuleni haipendi kuhamahama, na siku ukiuza, mnunuzi anaweza kuwa yeyote anayetafuta pa kuishi, si mfanyabiashara peke yake.

Hati ikaguliwe na mwanasheria uliyemtafuta mwenyewe, si aliyeletwa na muuzaji. Mkataba wa upangaji uandikwe hata kama mpangaji ni binamu yako. Hasa akiwa binamu yako.

Hiyo nyumba ya kona uliyonisifia, usimwonyeshe dalali kwamba umeipenda. Nitakuja wiki ijayo na fundi wangu, tupande darini kwanza.

Mama yako