Uliza Tukujibu: Begi Jepesi la Safari ya Miguu

Agosti tunataka kupanda kwa miguu kutoka Rutamba hadi Rondo, siku tatu, kulala nje mara mbili. Nimepima begi langu, linakaribia kilo 17: hema 3.2, blanketi 2.1, jiko la mafuta ya taa na sufuria mbili 2.4, jinzi mbili 1.4, begi lenyewe 2.6, chakula 3.5 na maji lita moja na nusu. Nipunguze nini?
*Msomaji, Lindi Mjini*

Hongera kwa kupima, maana wengi hukisia tu. Ila tazama orodha yako vizuri: vifaa peke yake ni kilo 11.7, halafu maji, ambayo ndiyo yatakupandisha Rondo, lita moja na nusu. Agosti ni kiangazi, na anayepanda mlima juani anaweza kumaliza nusu lita kwa saa. Anza na lita nne, yaani kilo nne, kisha vitu vingine vigombanie nafasi iliyobaki.

Wazoefu wa safari hizi hupima vifaa bila chakula, maji wala fueli, na wakishuka chini ya kilo 4.5 ndipo wanajiita wepesi. Wewe unaweza kufika 3.5.

Acha hema. Nunua nailoni ya dukani yenye unene wa milimita 0.1, mita 2 kwa 3. Uzito wake ni kama gramu 550, na kamba nyembamba ni gramu 100. Kwa Agosti inatosha, kwani unachokinga zaidi ni umande. Usiitoboe kona. Tundu likivutwa na upepo linachanika, na usiku wa manane huna pa kulishonea. Chukua kokoto laini ya ukubwa wa kungumanga, iweke kwenye kona, ikunje ndani ya nailoni, kisha funga kamba kwa kukaza nyuma yake. Kamba ikivutwa, kokoto inazuia isichomoke. Fanya hivyo kona zote nne na katikati ya kila upande mrefu.

Blanketi badilisha kwa flisi jembamba la gramu 500 na kanga moja. Rondo kuna baridi usiku msimu huo, lakini baridi inayokutesa hutoka ardhini zaidi kuliko hewani. Kata kipande cha sponji ngumu isiyofyonza maji, urefu wa sentimita 100, kikufae kuanzia mabegani hadi nyongani; miguu iweke juu ya begi lililo tupu. Sponji ya godoro la kawaida haifai, ikishika umande hailaliki tena. Jinzi zote mbili zibaki nyumbani: ni nzito na hazikauki. Vaa suruali ya kitambaa chepesi, beba kaptura, fulana na soksi za akiba.

Ukiongeza chandarua, tochi ya kichwa, dawa, ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), pawabenki, kopo na begi la gramu 700, utakuwa na kilo 3.5 hivi. Chakula kilo mbili, maji nne: unaondoka na 9.5. Tochi na ORS zisiguswe hata kama mizani inakununia.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo shughulikia kibali kabla ya kuondoka. Usiku mkisikia sauti kali juu ya miti, msishtuke. Huenda ni komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 tu.

Chandarua cha nyumbani kinajaza begi zima. Nikiache nipake dawa ya mbu?
*Msomaji, Mikindani*

Usikiache. Dawa ya kupaka huisha nguvu ukiwa usingizini, na malaria ya kusini hujaanza kuijua leo. Kinachojaza begi ni ukubwa wa chandarua chenyewe: cha familia kina kitambaa cha mita za mraba 14 au 15, zaidi ya nusu kilo. Mpelekee fundi cherehani neti mpya ya madirishani, usikate ile wanayolalia watoto, akushonee cha mtu mmoja chenye mita za mraba tano au sita. Itakuwa gramu 250 hivi. Kosa la wengi ni kukibana mno: neti ikigusa kiwiko au kisogo, mbu anauma kupitia humo humo. Ining'inize kwenye kamba ya ile nailoni ya kujikinga, halafu chini uichomeke chini ya sponji na begi la miguuni pande zote. Hapo hata nge hapati njia.

Naweza kwenda bila jiko kabisa?
*Msomaji, Masasi*

Kwa siku tatu, ndiyo. Chakula kikavu gramu 650 kwa siku kinatosha wengi, mradi kiwe na mafuta. Korosho iliyobanguliwa na kukaangwa ina kalori zaidi ya 550 kwa gramu 100, mkate kama 250. Ongeza karanga, tende, dagaa wa kukaanga wakavu na oti za kuloweka usiku kwenye kopo lenye mfuniko. Samaki wa kopo waache, unabeba bati na maji. Maharage na kunde haziliki kwa kulowekwa tu. Na kwa huku kwetu tusisitize: muhogo usiojua ni wa aina gani usitafune mbichi njiani, na unga wa makopa lazima upikwe. Muhogo mchungu una sumu.

Begi gani ninunue?
*Msomaji, Nachingwea*

Usinunue kwanza. Kusanya vitu, vipime, ndipo utafute begi la kuvitosha. Ukianza na begi kubwa utalijaza tu. Mzigo chini ya kilo tisa au kumi hauhitaji fremu ya chuma. Mwaka 1955 Emma Gatewood wa Marekani, akiwa na miaka 67, alitembea njia yote ya miguu ya milima ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200, na mfuko wa jinzi aliojishonea mwenyewe. Wewe una mitumba.

Huku Newala maji yako mbali. Kidonge cha kutibu maji nikikatie vipande?
*Msomaji, Newala*

Hapana. Vidonge vingi vya madukani ni vya lita 20, na kipande ulichokata kwa kisu hujui kina klorini kiasi gani. Tibu ndoo nzima kijijini kabla ya kuondoka, subiri dakika 30, kisha jaza chupa za plastiki za lita 1.5, tupu ni gramu 35 hivi, ya chuma ni karibu 300. Gawa maji katika chupa tatu, isiwe dumu moja, maana moja ikipasuka zinabaki mbili. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kwa kuwa uchafu hula klorini. Na ukiteremka bondeni ujaze chupa zote huko huko kabla hujarudi juu, kwani uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua, vijito hutavikuta.